Ndege wa Darizi katika Bonde la Capertee

Tuliondoka Sydney saa kumi alfajiri, mpwa wangu akiwa kwenye usukani nami pembeni nimejifunika shuka kama abiria wa basi la usiku. Tulipanda milima ya Blue Mountains gizani, tukaupita mji wa Lithgow jua likianza kuchungulia, kisha tukashika barabara ya Castlereagh kuelekea kaskazini-magharibi. Ilipofika saa moja hivi, kilomita chache kabla ya kijiji cha Capertee, akaegesha gari mahali panapoitwa Pearsons Lookout.

"Shuka uone, Mjomba," akasema. "Ukibaki humu ndani utakuja kujilaumu."

Nilishuka, nikasogea ukingoni, na usingizi wote ukaniruka. Chini yetu ardhi ilikuwa imekatika. Bonde lilitanda hadi macho yalipokoma, limezungukwa na kuta za mawe ya mchanga zenye rangi ya dhahabu na kutu. Kwenye miguu ya kuta hizo misitu ya kijani-kijivu iliteremka polepole mpaka kwenye mashamba ya malisho. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Katikati ya yote hayo ulisimama mlima mmoja peke yake, Pantoneys Crown, kilele chake kikiwa bapa kama kofia iliyowekwa juu ya meza.

Wenyeji hujivunia kwamba kwa upana bonde lao linalishinda hata korongo la Grand Canyon la Marekani. Mimi sikwenda kupima upana. Nilikwenda kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika kwenye karatasi nikaitia mfuko wa shati: Anthochaera phrygia. Mbele yake, ndani ya mabano, kuna jina la mtu na mwaka: (Shaw, 1794). Ni jina la ndege. Limechukua zaidi ya miaka mia mbili kutulia mahali lilipo leo, nami nilitaka kulisoma pale ambapo mwenye jina bado anaishi.

Ndege mwenyewe si mkubwa. Urefu wake hupata sentimita 20 na kidogo, na uzito wake hauzidi gramu 50. Kichwa na shingo ni vyeusi tititi. Kuzunguka macho ana ngozi tupu yenye vinundu, ndiyo maana Waingereza wa zamani walimwita mla-asali mwenye uso wa chunjua. Siku hizi wanamwita kwa jina la heshima zaidi, regent honeyeater, na regent kwao ni mtu anayekishika kiti cha mfalme kwa niaba yake. Ukishuka kifuani ndipo unapomwelewa. Kila unyoya mweusi umetiwa pindo la njano ya maziwa, pindo juu ya pindo, safu chini ya safu, na mabawa na mkia vimepitishwa manjano ya dhahabu. Hakuna rangi iliyomwagika ovyo. Kila mahali utadhani pamepita sindano.

Ukoo wake ni Meliphagidae, neno lililotokana na Kigiriki likiwa na maana ya walao asali. Una spishi zipatazo 190. Nyingi zinaishi Australia na New Guinea, nyingine zimetapakaa katika visiwa vya Pasifiki. Ndimi zao zimechanuka nchani kama brashi, na kwa brashi hiyo huzoa mbochi, yale maji matamu ya maua. Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo hufanywa na chozi, kile kindege kinachometameta kwenye maua ya mgomba. Chozi amepewa ulimi wa mrija. Ukiwatazama wawili hawa wakiwa wameinamia maua ungeapa ni ndugu, kumbe kila mmoja amefika kwenye ua kwa njia yake. Somo la kwanza la uainishaji wa viumbe ndilo hilo, kwamba kufanana kazi si kufanana damu. Ndilo somo ambalo ndege wa Capertee aliwasumbua nalo wataalamu kwa muda mrefu.

Waingereza walianzisha makazi yao Sydney mwaka 1788, na haukupita muda masanduku yenye ngozi za ndege na michoro yakaanza kufika London. Mmoja wa waliokuwa wakiyasubiri kwa hamu alikuwa George Shaw, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi British Museum. Huyu ndiye aliyekuja kumwandikia jina la kisayansi yule mnyama wa ajabu mwenye mdomo wa bata, platipasi, mwaka 1799. Shaw hakuwahi kukanyaga Australia. Mwaka 1794 alimpa ndege wetu jina: Merops phrygius.

Msomaji wa pwani akisikia Merops ashtuke, maana hiyo ndiyo jenasi ya keremkerem. Yule yule anayekaa kwenye waya wa simu, akamrukia nyuki, akarudi kumpigiza wayani kabla ya kummeza. Keremkerem ana mdomo mwembamba uliopinda, na ndege wa Shaw naye vivyo hivyo. Ukiwa na ngozi kavu mezani, ng'ambo ya bahari, bila kumwona mwenyewe akila wala kumsikia akiimba, mdomo ni shahidi mkubwa. Shahidi huyo alimpoteza Shaw. Alikosea ukoo.

Katika neno la pili hakukosea. Frigia ilikuwa nchi ya kale katika eneo ambalo leo ni Uturuki, na Warumi waliwasifu watu wake kwa ustadi wa kutarizi kwa nyuzi za dhahabu. Kwa Kilatini phrygius ikawa sifa ya nguo iliyotiwa darizi. Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita, niliwekea kitabu kidole nikamkumbuka bibi yangu barazani, kofia imetanda gotini, akitoboa kitambaa cheupe tundu baada ya tundu na kulizungushia kila tundu uzi. Kofia moja ilimla miezi. Nilipomuuliza kwa nini asiende haraka, alinionyesha upande wa ndani. Alitaka na usioonekana uwe safi. Tangu siku nilipoyasoma hayo nilijua kwamba ipo siku nitamtafuta ndege huyu. Mwingereza mmoja, mbele ya ngozi iliyokauka, aliona kazi ya sindano, akatafuta katika lugha ya wanazuoni neno linaloitosha. Hilo lilinigusa, na bado linanigusa.

Jina la kisayansi lina sehemu mbili, na utaratibu wake kwa wanyama unahesabiwa tangu mwaka 1758, toleo la kumi la kitabu cha Msweden Carl Linnaeus, Systema Naturae. Sehemu ya kwanza ni jenasi, yaani mlango wa ukoo. Ya pili ni ya spishi yenyewe. Kanuni inasema kwamba jina la spishi lililotangulia kutolewa kwa njia halali ndilo linalobaki, hata aliyelitoa akiwa amekosea mlango. Mlango waweza kubadilishwa, jina la ndani linahamishwa pamoja na mwenyewe kama mtoto anayebeba jina lake kutoka nyumba moja hadi nyingine. Na pale spishi inapokuwa imehamishwa kutoka jenasi aliyoiwekea mwandishi wa kwanza, jina la mwandishi huyo hutiwa ndani ya mabano. Kwa hiyo mabano yale kwenye karatasi yangu yanasema jambo: Shaw alimtambulisha ndege huyu, lakini hakumweka kwao.

Aliyemrudisha kwao? Hapo ndipo hadithi inaponoga. Mwaka 1827 Nicholas Vigors, mzaliwa wa Ireland, na Thomas Horsfield, mzaliwa wa Marekani, walichapisha maelezo ya ndege wa Australia waliohifadhiwa katika mkusanyiko wa Linnean Society mjini London. Waliunda jenasi mpya, Anthochaera, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ua na kufurahi: wafurahiao maua. Humo wakamtia na ndege wetu pamoja na ndege wakubwa wa Australia walao asali, ambao baadhi yao wana vipande vya ngozi vinavyoning'inia mashavuni kama ndevu za jogoo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1837, Mwingereza William Swainson akamtoa, akamjengea jenasi yake mwenyewe. Jenasi hiyo ilikuja kuandikwa Xanthomyza, mfyonzaji wa manjano. Hakika sura yake ilikuwa peke yake, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vilimwandika hivyo, ndege mmoja katika nyumba ya mtu mmoja.

Kisha mwaka 2004 Amy Driskell na Les Christidis wakachapisha utafiti wa vinasaba vya walao asali wa Australia na New Guinea. Waliposoma kilichoandikwa ndani ya damu, ndege wa darizi hakuonekana kando. Alikuwa katikati ya Anthochaera, akiwa karibu zaidi na wale wakubwa wenye ndevu nyekundu na ndevu za manjano kuliko baadhi ya hao wanavyokaribiana na wenzao. Nyumba ya peke yake ikavunjwa. Akarudi kwa jamaa zake, katika jina alilopewa mwaka 1827.

Kuna jambo katika kuhamahama huko ambalo Mswahili atalielewa mara moja kuliko wengi. Jina la pili lilibadilika mwisho wake. Merops katika sarufi ni ya kiume, kwa hiyo Shaw aliandika phrygius. Anthochaera ni ya kike, kwa hiyo tunaandika phrygia. Sifa inaifuata nomino, kama kwetu tunavyosema kikapu kizuri, kofia nzuri, ukuta mzuri. Sisi tuliolelewa na ngeli hatuoni ugeni wowote. Tunajua kwamba neno haliwi peke yake, kwamba ukihamia katika jamaa nyingine huna budi kuwaitikia kwa sauti yao.

Kutoka Pearsons Lookout tuliingia kijiji cha Capertee, tukakata kulia kufuata barabara ya Glen Davis, tukaanza kuteremka. Hii ni nchi ya Wawiradjuri, watu waliolijua bonde hili na kuwaita ndege wake kwa majina yao enzi na enzi kabla ya meli ya kwanza ya Kiingereza. Ukiteremka ndani yake unaelewa kwa nini mtu hakubali kuondoka. Kuta za mawe zinapanda pande zote mbili, na kadiri jua linavyosogea nazo hubadili rangi, hudhurungi ikawa chungwa, chungwa ikawa asali. Kangaru walituangalia kutoka malishoni bila kujisumbua kuinuka. Hewa ilikuwa baridi kavu yenye harufu ya majani ya mkaratusi, harufu ambayo mimi naijua kutoka kwenye sufuria ya kujifukizia mafua.

"Kwetu mti huu ni nguzo ya umeme," mpwa wangu alisema akipunguza mwendo. "Huku ndiko kwao hasa."

Alisema kweli. Afrika Mashariki tunaufahamu mkaratusi ukiwa umepangwa mistari, umekatwa ungali kijana. Katika Capertee kuna mikaratusi ambayo imeachiwa kuzeeka. Upo unaoitwa mugga, gome lake jeusi limepasuka mifereji mirefu na gumu kama chuma, na maua yake hububujika mbochi katika miezi ya baridi. Ipo white box yenye majani ya kijivu, na yellow box ambayo wataalamu waliiita melliodora, yenye harufu ya asali. Miti hii haichanui kwa ratiba. Mwaka huu huchanua bonde hili, mwaka ujao lile, mwingine isichanue kabisa. Ndege wa darizi hulazimika kuwa msafiri, akifuata maua mamia ya kilomita. Zamani alionekana kuanzia Queensland mpaka karibu na Adelaide, tena kwa makundi makubwa. Leo Australia Kusini hayupo tena. Amebaki na mahali pachache anapozaa mara kwa mara, na Capertee ndiyo mashuhuri kuliko pote.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja mkulima, mwenye kofia pana na viatu vya shamba, ambaye amekuwa akiwafuatilia ndege wa bonde hili kwa miaka mingi. Hakutaka kupoteza muda kwa chai. Alituongoza moja kwa moja hadi mtoni, na nilipofika ukingoni nilisimama kwa mshangao. Mto Capertee ulikuwa umepangwa mivinje pande zote mbili. Mivinje! Ile ile sauti ya upepo kwenye majani kama nyuzi niliyoizoea ufukweni, sasa naisikia mbali na bahari, katikati ya milima ya mawe. Si spishi moja na mvinje wetu wa pwani, ila ni jenasi moja, Casuarina. Huu wa mtoni ni Casuarina cunninghamiana. Nilijisikia kama mtu aliyekutana na shangazi yake ugenini.

Bibi akatuonyesha juu. Katika matawi ya mvinje kulikuwa na vichaka vilivyoning'inia, na majani yake yalifanana na ya mvinje wenyewe kiasi kwamba nisingevitambua peke yangu. Ni kirukia, mmea unaoota juu ya mti mwingine na kunyonya maji yake, na spishi hii, Amyema cambagei, imeyaiga majani ya mwenyeji wake. Maua ya kirukia hutoa mbochi wakati mikaratusi inapokuwa imekauka maua. Ndege wa darizi hula humo, na mara nyingi hujenga humo humo kiota chake cha vipande vya magome vilivyofungwa kwa utando wa buibui. Mkulima mwingine angemwona kirukia kama mdudu wa miti. Katika bonde hili ndiye anayewapa ndege chakula na maficho.

Tulikaa. Kazi ya kuwatazama ndege kwa sehemu kubwa ni kukaa. Karibu nasi ndege mkubwa mwenye ndevu nyekundu, Anthochaera carunculata, alikuwa akitoa sauti yake ya kukwaruza kama mzee anayesafisha koo. Ndiye binamu. Nilimtazama kwa heshima mpya. Baadaye wakaja ndege wa kijivu wenye nyuso za hasira, kundi zima, wakifukuza kila aliyethubutu kutua. Nao ni wa ukoo huu huu wa walao asali, Manorina melanocephala. Msitu ukikatwa ukabaki vipande vipande, hawa hustawi, kwa kuwa wanapenda kingo na uwazi, na wakishashika kipande hawamruhusu mwingine. Ndege wa darizi alipoteza miti kwanza, kisha akakuta hata ile iliyobaki ina wenyewe.

Ilikuwa saa nne kasoro alipofika. Hakuja kwa kishindo. Bibi aliinua kidole kimoja tu, nami nikaelekeza darubini alikoelekeza yeye, na pale, kwenye tawi la mvinje lililoinamia maji, kifua kile kilikuwa kimeelekea jua. Pindo juu ya pindo. Mguuni alikuwa na pete ndogo za rangi ambazo watafiti huwavisha ili wamtambue kila mmoja. Aligeuka, na dhahabu ya bawa ikafunguka na kufungwa. Kisha akainamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha tena kama mtu anayeitikia salamu, na kwa kila kuinama akatoa wimbo laini wenye kububujika, kama maji yanayopita kwenye shingo ya mtungi.

Nilipomgeukia bibi nikaona macho yake yamejaa machozi. Alieleza kwamba hakulia kwa uzuri wa ndege, amekwisha kuuzoea. Alilia kwa sababu ya wimbo. Ulikuwa wimbo wenyewe.

Wanasayansi wanakadiria kwamba porini wamebaki takribani 300. Serikali ya Australia imewaweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Ndege hawa hujifunza kuimba kwa kuwasikiliza wazee wao. Sasa wazee wamekuwa wachache na wametawanyika, kijana anaruka msimu mzima bila kumsikia dume hata mmoja wa aina yake. Utafiti ulioongozwa na Ross Crates na kuchapishwa mwaka 2021 uligundua kwamba madume 12 kati ya kila 100 hawajui tena wimbo wa kwao. Wanaimba nyimbo za spishi nyingine, kutia ndani baadhi ya binamu zao, kwa kuwa ndio waliokuwa wakisikika. Na dume anayeimba wimbo wa wengine si rahisi apate mke.

Watu wangu wa pwani wataipima habari hii kwa mizani yao. Tumeziona nyumba ambamo bibi anasema lugha moja na mjukuu anajibu kwa nyingine. Tunajua namna neno linavyokufa, bila kishindo, kwa kukosa tu mtu wa kuliitikia.

Hata hivyo, hawakuachwa hivyo hivyo. Katika bustani ya wanyama ya Taronga, Sydney, ndege hawa wamekuwa wakizalishwa tangu mwaka 1995, na mamia wamekwisha kuachiwa porini. Baada ya kugundua tatizo la wimbo, watunzaji walianza kuwasikilizisha makinda sauti zilizorekodiwa, kisha wakawaweka karibu na madume waliotoka porini ili wawe walimu. Nilipenda mno kusikia hilo. Kwenye banda katikati ya jiji kubwa kuna chuo kidogo, na mwalimu wake anafundisha kwa kuinamisha kichwa.

Mchana tulikula mkate na mayai karibu na magofu ya Glen Davis, ambako zamani kulichimbwa mwamba wa mafuta na kutengenezwa petroli hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1952. Matofali yanarudi msituni polepole. Nikiwa nimekaa pale nilirudi kuliwaza jina. Ukoo wa walao asali umekwisha kuwapokea wengine na kuwapoteza wengine kwenye vitabu. Huko Hawaii waliishi ndege weusi wenye manyoya ya manjano, o'o, waliohesabiwa katika Meliphagidae kwa vizazi vingi kwa sababu walifanana nao na kula kama wao. Mwaka 2008 vinasaba vilionyesha kwamba hawakuwa wa ukoo huo kabisa, na wakapewa ukoo wao wenyewe, Mohoidae. Lakini sauti ya mwisho ya o'o ilikuwa imesikika kisiwani Kauai mwaka 1987. Walipewa nyumba wakati hapakuwa na hata mmoja wa kuingia ndani.

Ndiyo sababu nasema kulijua jina sawasawa ni sehemu ya kumpenda anayeitwa. Jina la ndege wa Capertee limerekebishwa yeye angali hai, angali anaweza kutua kwenye tawi na kulithibitisha. Hiyo ni bahati, na bahati ni deni.

Na sisi wa mbali tumo katika deni hilo. Ushahidi wa vinasaba unaonyesha kwamba chimbuko la ndege wote waimbaji wa dunia ni upande huu wa Australia, kisha wakasambaa. Kunguru anayeiba maandazi sokoni, shomoro wa paa la bati, chozi wa mgombani, wote mababu wa mababu zao walianzia huku. Kila alfajiri inayoamshwa na ndege kwetu ina mzizi wake upande huu wa dunia.

Jioni bibi alitupeleka kwenye kipande cha shamba lake kilichozungushiwa seng'enge. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa bonde hili na watu wa kujitolea kutoka mijini wamekuwa wakipanda miti, makumi ya maelfu ya miche, ili kuunganisha vipande vya msitu vilivyokatwa. Miti ya awali ilikuwa sasa imetupita kimo mara kadhaa, na mmojawapo, mugga, ulikuwa umejaa maua hafifu yaliyogeuzwa waridi na jua la magharibi. Nyuki walikuwa wakinguruma ndani yake. Kulikuwa na mche mmoja uliobaki katika ndoo, akanikabidhi na jembe.

Nilipokuwa nikichimba aliniuliza ndege huyu anaitwaje katika lugha yangu. Nilifikiri kidogo. Nilitoa karatasi mfukoni, nikaigeuza, nikaandika upande wa nyuma: mla-asali wa darizi. Nikamtafsiria. Nikamweleza kofia, na uzi, na bibi yangu aliyetaka upande wa ndani uwe safi. Aliirudia sauti ya neno darizi mara mbili, polepole, mpaka akaipata. Kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwake, nami sikuidai.

Mche ulikuwa haujafika gotini. Tuliuzungushia kinga ya plastiki ili kangaru na sungura wasiuguse, tukautilia matandazo. Mpwa wangu alileta maji kutoka mtoni.

"Yatatosha, Mjomba?"

Niliitazama ardhi ikiyanywa. Nikamwambia alete ndoo nyingine.